Ndigana kali: Amri za uongo ndani ya seli ya kinga

Mfugaji aliyewahi kupoteza ng'ombe kwa ndigana kali anajua pa kupeleka mkono kwanza. Anapapasa chini ya sikio, na tezi iliyopaswa kuwa ndogo anaikuta imevimba, ngumu, inaonekana hata kwa mtu aliyesimama mbali. Siku mbili tatu baadaye tezi ya mbele ya bega nayo imetokeza. Homa inapanda hadi nyuzijoto 41, machozi yanachuruzika, majani hayaguswi, maziwa yanakatika. Wiki ya tatu ikifika mnyama anahema kwa taabu, shingo ameinyoosha, povu linamtoka puani. Akipasuliwa baada ya kufa, mapafu yanakutwa mazito kwa maji na koo limejaa povu lile lile.

Daktari wa mifugo anayetaka uhakika hangoji mpaka hapo. Anachoma sindano kwenye tezi iliyovimba, anavuta majimaji kidogo, anayatandaza juu ya kioo, anakipaka rangi ya Giemsa na kukiweka chini ya hadubini. Anachokitafuta hakiko nje ya seli, kimo ndani ya seli nyeupe za damu zenyewe: kibonge cha bluu hafifu chenye vidoa vya rangi ya zambarau, kimejibanza karibu na kiini cha seli. Hicho ndicho kimelea, Theileria parva, kikiwa katika hatua inayoitwa skizonti. Kila kidoa ni kiini chake kimoja. Akizidi kuangalia ataona kwamba seli zenyewe si za kawaida. Ni kubwa, ni nyingi mno, na baadhi zimekamatwa katikati ya kugawanyika.

Hapo ndipo ugonjwa huu unapotofautiana na mengi tuyajuayo. Kimelea cha malaria hupasua seli nyekundu za damu. Bakteria wengi hutema sumu. Theileria parva haimuui ng'ombe kwa njia hizo. Inaingia ndani ya limfosaiti, yaani seli ile ile iliyoajiriwa na mwili kupambana na wageni, inaifanya izaliane bila kukoma, kisha inaisafirisha hadi mapafuni na kwenye matumbo. Idadi ya seli zilizoambukizwa huongezeka takriban mara kumi kila siku tatu. Anayemuua ng'ombe, ukitaka kusema wazi, ni umati wa seli zake mwenyewe zilizopewa amri za uongo.

Ningeishia hapo kama habari ingekuwa ya mifugo tu. Lakini maabara kadhaa za dunia, kuanzia viunga vya Nairobi hadi Bern na Paris, zimetumia zaidi ya nusu karne kuuliza swali moja juu ya seli hiyo: ni nani hasa anayetoa amri? Jibu ni orodha ya protini. Na ukizifuata moja moja unajifunza namna jeni zinavyowashwa na kuzimwa ndani ya kila seli ya kinga, ya ng'ombe na ya binadamu.

Kwanza tumjue msafirishaji. Ni kupe wa kahawia wa masikio, Rhipicephalus appendiculatus, yule anayejaza masikio ya ng'ombe mvua zinapoanza. Huyu hupanda mnyama mara tatu maishani, kila hatua ya umri wake mnyama mwingine. Akinyonya damu yenye vimelea akiwa mdogo, atavitoa kwa mate yake akiwa hatua inayofuata, siku ya tatu au ya nne baada ya kung'ata. Ndiyo maana kuogesha mara kwa mara husaidia: kupe akifa mapema, mate yake hayajaiva.

Wafugaji wa Kimaasai wanaiita oltikana, na walikuwa wanaijua kabla daktari yeyote hajaileta hadubini. Walijua kwamba nyati anaishi nayo bila kuumwa. Walijua pia ugonjwa unakokaa, maana desturi ya kuchoma matezi kwa chuma cha moto imeenea katika jamii nyingi za wafugaji na wengine hawajaiacha hadi leo. Tiba hiyo haiponyi, na mnyama anateseka bure. Ila lazima tukiri kwamba aliyeanza kuchoma pale alikuwa ameona sawasawa: shari iko kwenye tezi.

Wasomi walichelewa kidogo. Robert Koch, Mjerumani aliyekwisha kupata sifa kwa kugundua kijidudu cha kifua kikuu, alikaa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898. Katika damu ya ng'ombe wa pwani aliona vimelea vidogo sana ndani ya seli nyekundu, akadhani ni watoto wa kimelea kingine kinacholeta mkojo mwekundu. Miaka michache baadaye ng'ombe wa Afrika Mashariki walisafirishwa kwa meli kwenda kusini kujaza pengo lililoachwa na sotoka, ile tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890. Wakashuka Beira, wakapelekwa Rhodesia, na ng'ombe wa huko wakaanza kuanguka. Koch aliitwa mwaka 1903, na vile vibonge vya bluu vya kwenye matezi vinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Aliyeonyesha kwamba huu ni ugonjwa unaojitegemea, tofauti na ule wa mkojo mwekundu, ni Arnold Theiler wa Afrika Kusini, ambaye jina lake ndilo lililobaki kwenye kimelea. Afrika Kusini iliufuta ugonjwa huu kufikia miaka ya 1950, kwa kuogesha ng'ombe bila huruma na kuchinja walioshukiwa. Sisi tunao bado, na makadirio yanayonukuliwa na watafiti yanasema unaua zaidi ya ng'ombe milioni moja kwa mwaka.

Sasa turudi ndani ya seli.

Kimelea kinapotoka kwenye mate ya kupe kinakuwa kidogo sana na hakina nguvu ya kujisukuma. Kinagusana na limfosaiti, kinanasa, na ndani ya dakika chache kimezama ndani. Seli inapomeza kitu humfunika mgeni kwa utando, kisha humwaga vimeng'enya vya kumsaga. Theileria inautoboa na kuuyeyusha utando huo mara moja, inabaki wazi ndani ya ute wa seli, na papo hapo inajizungushia nyuzi nyembamba za seli mwenyeji. Hiyo ni tofauti kubwa na vimelea vingi vinavyojificha ndani ya kifuko. Theileria haina ukuta kati yake na mitambo ya seli. Inaweza kushika chochote kilicho karibu.

Na inachoshika kwanza ni protini za kutoa habari.

Limfosaiti ni seli inayosubiri. Inaweza kuzunguka mwilini kwa miezi bila kugawanyika, mpaka ikutane na kile kipande cha adui inachokitambua. Hapo huamka, hunenepa, huzaliana, na vita vikiisha wengi wa watoto wake hujiua wenyewe kwa utaratibu uliopangwa. Bila kifo hicho matezi yangekuwa yamevimba daima. Kwa hiyo ndani ya seli hii mna breki mbili kubwa: moja inayozuia kugawanyika, nyingine inayoamrisha kufa. Zote mbili zinaongozwa na jeni zipi zinasomwa na zipi zimefumbwa. Jeni zote zimo katika kila seli. Seli ya ini ina jeni zile zile za limfosaiti. Tofauti ya tabia inatokana na protini zinazoingia kwenye kiini, zinazokaa juu ya DNA na kusema hapa pasomwe, pale pasisomwe.

Miongoni mwa protini hizo kuna moja inayoitwa NF-kB. (Wanaozipa protini majina hawajali masikio ya wasomaji wa magazeti, tuwavumilie.) Ranjan Sen na David Baltimore waliieleza mwaka 1986 huko Marekani, wakichunguza seli zinazotengeneza kingamwili. Katika limfosaiti iliyotulia NF-kB imekwisha kutengenezwa, iko tayari, lakini haifanyi lolote. Iko nje ya kiini, imekamatwa na protini nyingine iitwayo IkB, kama ndama aliyefungwa kigingini huku anamwona mama yake. Jeni inazozitaka ziko ndani, karibu mno, na haiwezi kuzifikia.

Habari ya hatari ikigonga nje ya seli, kundi la vimeng'enya liitwalo IKK linaamka na kubandika fosfeti kwenye ile IkB. Alama hiyo ni hukumu. IkB inapelekwa kwenye mtambo wa seli wa kuvunjia protini na kuvunjwa. NF-kB, sasa huru, inaingia kwenye kiini, inatafuta mahali penye mpangilio fulani wa herufi kama kumi za DNA, inakaa hapo, na jeni za jirani zinaanza kusomwa. Baadhi ni za kuita seli nyingine. Baadhi ni za kuzaliana. Baadhi ni za kuzuia seli isijiue, maana haina faida kuamka kwa ajili ya vita kisha ukafa njiani.

Jeni mojawapo inayowashwa na NF-kB ni ile ya IkB yenyewe. Hapo ndipo akili ya mpango huu inapoonekana. Amri ile ile ya kuamka imebeba ndani yake amri ya kulala: saa chache baadaye IkB mpya imetengenezwa kwa wingi, inaifuata NF-kB hadi ndani ya kiini, inaikamata na kuirudisha nje. Kwa seli yenye afya, mwamko huo ni wa muda.

Katika limfosaiti yenye Theileria hauishi. Mwaka 2002 watafiti wa Bern, Uswisi, wakiwemo Volker Heussler na Dirk Dobbelaere, walionyesha sababu katika jarida la Science. Walipozitia rangi protini za IKK ndani ya seli zilizoambukizwa, hawakuzikuta zimetawanyika kama ilivyo kawaida. Zilikuwa zimerundikana juu ya mwili wa skizonti, mafungu mafungu, zikifanya kazi. Kimelea kimegeuza ngozi yake kuwa karakana. Hakihitaji habari yoyote kutoka nje ya seli. Kila IkB mpya inayotengenezwa inavunjwa, NF-kB haifungiki tena, na jeni za kuzuia kifo zinasomwa usiku na mchana. Ukimwondoa kimelea, mafungu yale yanasambaratika.

Ugunduzi huo niliousimulia kwa mistari michache ulitegemea kazi ya nyuma yake, na kazi hiyo ilifanyika Muguga, kilomita chache kutoka Nairobi, katika kituo cha utafiti wa mifugo kilichokuwa mali ya nchi za Afrika Mashariki kwa pamoja. Mwaka 1964 watafiti wa Muguga waliripoti kwamba skizonti hugawanyika sambamba na seli iliyoibeba. Mwaka 1970 Malmquist, Nyindo na Brown walieleza namna walivyofanikiwa kukuza seli za wengu wa ng'ombe zilizoambukizwa, ndani ya chupa, zikiendelea kuzaliana. Limfosaiti ya kawaida ikiwekwa chupani bila vichocheo hufa baada ya muda mfupi. Hizi hazikufa. Kuanzia hapo mtu aliweza kusoma ugonjwa huu bila kumuua ng'ombe kila mara, na chupa hizo ndizo zilizosafiri hadi maabara za ng'ambo.

Lile jambo la kugawanyika sambamba linastahili dakika yako. Skizonti haina njia ya kuhama kutoka seli moja kwenda nyingine. Seli ikigawanyika na kimelea kikabaki upande mmoja, mtoto wa pili angezaliwa huru. Haitokei hivyo. Seli inapojiandaa kugawanyika hutandaza nyuzi za kuvutia kromosomu, nusu huku nusu kule. Kimelea kinajipachika kwenye nyuzi hizo hizo. Mwaka 2010 watafiti wa Bern walionyesha kwamba kinavuta juu yake kimeng'enya cha seli mwenyeji kinachosimamia mgawanyiko, kisha kinajinyoosha katikati ya seli mahali hasa ukuta mpya utakapopita. Seli inakatika mbili, na kimelea kinakatwa pamoja nayo, kila mtoto akiondoka na kipande chake. Sijui kimelea kingine chenye viini kinachojigawa kwa kutumia mkasi wa mwenyeji wake kwa ustadi wa namna hii.

Kuzuia kifo na kugawana watoto hakutoshi. Limfosaiti inahitaji pia kusukumwa ikue. Hapa inaingia protini nyingine ya kiini, c-Jun, ambayo wanasayansi wa saratani wanaifahamu vizuri: ikizidi, seli huzaliana ovyo. Mwili hujilinda kwa kuivunja c-Jun mara kwa mara, na anayeichagua kwa ajili ya kuvunjwa ni protini iitwayo FBW7. Mwaka 2015, katika jarida la Nature, kundi la Jonathan Weitzman wa Paris lilieleza kwamba Theileria hutoa nje ya mwili wake protini ndogo, Pin1, na kuiachia ndani ya seli mwenyeji. Mamalia nao wana Pin1 yao. Kazi yake ni kukunja protini nyingine mahali maalumu, na kwa mkunjo huo tabia ya protini inabadilika. Pin1 ya kimelea inaifuata FBW7, na FBW7 inapotea. Bila FBW7, c-Jun haivunjwi. Inalundikana ndani ya kiini na jeni za ukuaji hazifumbwi.

Kazi hiyo ya Paris ilitumia zaidi ndugu yake parva, Theileria annulata, ambayo wafugaji wa Afrika Kaskazini, nchi za Ghuba na India wanaijua kwa uchungu ule ule. Kupe wake ni mwingine, na seli anazozipenda zinatofautiana kidogo, lakini hila ni za ukoo mmoja.

Kuna na mlinzi wa mwisho. Protini p53 ndiyo inayoamua kwamba seli iliyoharibika isimame au ijiue, na katika saratani nyingi za binadamu jeni yake inakutwa imevunjika. Ndani ya seli zenye Theileria annulata jeni hiyo ni nzima na protini inatengenezwa. Isipokuwa haifiki kazini. Watafiti waliikuta nje ya kiini, imeshikiliwa karibu na mwili wa kimelea. Na walipokiua kimelea kwa dawa, p53 iliingia kwenye kiini na seli zikaanza kufa kama zilivyopaswa kufa tangu mwanzo.

Hapo ndipo penye uzito wa habari hii, kwa maoni yangu, kuliko hila zote nilizozitaja. Saratani ya kawaida ni mabadiliko ya maandishi: herufi za DNA zimeharibika, na uharibifu huo unarithiwa na kila seli mtoto, huwezi kuurudisha nyuma. Theileria haipachiki jeni zake katika DNA ya ng'ombe kama vifanyavyo virusi fulani. Maandishi yanabaki yale yale. Kilichobadilika ni usomaji. Hata kusafiri kwa seli hizo hadi mapafuni kunatokana na usomaji: kimeng'enya kiitwacho SMYD3 kinaongezeka, kinabandika alama za methili kwenye histoni, zile protini ambazo DNA imezungushiwa, na jeni ya kutengeneza kiyeyusha-tishu inafunguka. Seli yenye kiyeyusha-tishu hupenya kuta za mishipa. Huo ndio mwanzo wa povu puani.

Basi ukikiondoa kimelea, seli inarudi katika hali yake. Daktari wa mifugo aliyeko Njombe au Nakuru analiona hilo kila wiki bila kutaja hata protini moja. Anamchoma ng'ombe sindano ya buparvakuoni, ambayo wafugaji wanaiita Butalex hata kama chupa imeandikwa jina jingine. Dawa hii ilitoka maabara za Wellcome za Uingereza miaka ya 1980. Ng'ombe akiwahiwa homa ikiwa ya siku mbili tatu, tezi zinanywea na mnyama anarudi malishoni. Akicheleweshwa mpaka povu limetoka, dawa inaweza kuua vimelea vyote na ng'ombe akafa vilevile, kwa sababu maji ya mapafuni hayaondoki kwa kuuawa vimelea. Chupani mambo ni wazi zaidi. Seli zilizokuwa zikizaliana kwa miaka zinamwagiwa buparvakuoni, skizonti zinakufa, na katika siku chache mgawanyiko unasimama. Ni vigumu kutaja seli nyingine yenye tabia za saratani inayotii namna hiyo.

Kuhusu mahali dawa inapogonga, majibu ni mawili na yote yana ushahidi. Muundo wake unafanana na kitu kinachopita kwenye mnyororo wa nishati wa kimelea, na vimelea sugu vimekutwa na mabadiliko katika jeni ya saitokromu b, protini ya mnyororo huo. Watafiti wa Paris nao wakaonyesha kwamba dawa inakaa kwenye mfuko wa Pin1 ya kimelea, na kwamba vimelea fulani sugu vina badiliko la herufi moja tu ya protini hapo hapo. Mfugaji hana haja ya kuchagua upande. Anachopaswa kuogopa ni dozi nusu, inayotolewa kwa sababu chupa ni ghali na ng'ombe ni wawili. Dozi nusu ndiyo shule ya usugu.

Kinga ya kweli ilitengenezwa pale pale Muguga katika miaka ya 1970, na namna yake inatisha ukiisikia mara ya kwanza. Ng'ombe mzima anachomwa vimelea hai, na wakati huo huo anachomwa oksitetrasaiklini ya kudumu mwilini. Dawa haiviui vyote. Inavipunguza kasi ya kutosha ili limfosaiti ambazo hazijatekwa zijifunze kuzitambua zilizotekwa na kuziua. Huo ni ukumbusho kwamba mfumo wa kinga unapewa nafasi ndogo tu ndipo ushinde. Seli iliyoambukizwa huanika nje vipande vya protini za kimelea, haiwezi kujizuia, na aina ya limfosaiti iitwayo CD8 huvisoma na kuiua. Katika ndigana ya kawaida CD8 hizo huchelewa, adui akiwa amekwisha kujaa.

Mchanganyiko wenyewe una aina tatu za vimelea: Muguga, Kiambu na moja iliyotokana na nyati wa Serengeti. Utengenezaji wake si wa kiwandani kama tunavyoufikiria. Kupe walioambukizwa hubandikwa masikioni mwa sungura kwa siku chache ili mate yaive, wanabanduliwa, wanasagwa, na rojo yao inagandishwa ndani ya nitrojeni ya majimaji. Kijirija kimoja kina dozi za ng'ombe wengi, na kikishayeyuka hakirudishwi kwenye baridi. Kwa hiyo mwenye ng'ombe wawili lazima angoje majirani. Lakini wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini mwa Tanzania, ambao ndama wao walikuwa wakifa kwa oltikana kila msimu, wameipokea tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kuliko mtu yeyote alivyotarajia, na wananunua kwa fedha zao. Ndama aliyechanjwa anavishwa hereni sikioni. Mnadani, mnunuzi huangalia hereni kabla hajaangalia meno.

Majaribio ya chanjo isiyohitaji kupe wala nitrojeni yameendelea Nairobi kwa miongo. Mwaka 1992 Musoke, Nene na wenzao wa maabara ya Kabete, ambayo leo ni sehemu ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, walionyesha kwamba protini moja ya ngozi ya kimelea, p67, ikitengenezwa na bakteria na kuchomwa kwa ng'ombe, inawapa wengi wao kinga maabarani. Kingamwili dhidi ya p67 humnasa mgeni kabla hajagusa limfosaiti. Shida ni zile dakika chache nilizozitaja. Malishoni, masikio yakiwa yamejaa kupe, kinga hiyo haikufikia ile ya maabarani. Mwaka 2005 mpangilio mzima wa jeni za Theileria parva ulichapishwa, jeni elfu nne na ushee, na tangu hapo wanaotafuta vipande vya kuwaonyesha CD8 wana orodha kamili mkononi.

Habari mpya zaidi imetoka kwa ng'ombe mwenyewe. Wafugaji wamesema siku zote kwamba kuna koo za ng'ombe ambazo ndigana haziziwezi: wanaumwa, wanakonda, wanapona. Mwaka 2022 watafiti wa Roslin, Scotland, pamoja na wenzao wa ILRI, walichapisha uchunguzi wa ng'ombe aina ya Boran na kukuta siri iko kwenye kromosomu ya 15. Pale pana jeni ya ukoo wa FAF1, na kwa baadhi ya ng'ombe ina herufi moja iliyobadilika, inayofanya protini ikatwe kabla haijakamilika. Kati ya ng'ombe 20 waliorithi badiliko hilo kutoka kwa baba na mama, aliyekufa kwa ugonjwa ni mmoja. Kati ya 97 wasiokuwa nalo kabisa, walikufa 44.

Protini FAF1, kwa wanyama wengine na kwa binadamu, imejulikana kwa muda mrefu kama moja ya zile zinazohusika na kujiua kwa seli na kuibana NF-kB. Yaani iko jirani kabisa na ile kamba ambayo kimelea kimekuwa kikiikata. Namna hasa protini iliyokatika inavyomnusuru Boran ni kazi inayofanyika sasa maabarani. Lakini kipimo cha DNA cha kumtambua dume mwenye badiliko hilo hakihitaji kungoja jibu. Tone la damu au unyoya wa mkia unatosha. Vitabu vya mbegu za uhimilishaji wanavyopewa wafugaji wa Kiambu, Tanga na Rungwe wachague dume vinasifu lita za maziwa za mama yake na urefu wa miguu yake. Mstari mmoja kuhusu kromosomu ya 15 ungeenea kwenye ukurasa huo huo, na mfugaji angejua anachonunua.